Kapu la Dirisha la Nyuma

Mwanamke aliye ndani ya eda hana haja na saa ya ukutani. Bi Mwanapili alikuwa Mkunazini, ghorofa ya pili, na kwa siku themanini na tisa alizokwisha kuzihisabu tangu afiwe na mumewe, alijua wakati kwa sauti tu. Asubuhi ilikuwa kengele ya baiskeli ya muuza mikate. Adhuhuri ilikuwa watoto wa chuo cha Kurani wakishuka kichochoroni kwa makelele. Na Alasiri ilikuwa Machano, na huyu Machano ndiye aliyekuwa hatakiwi kujulikana.

Machano aliuza asumini. Alizileta kutoka Bububu zikiwa bado zimefumba, akazitunga vikuba pamoja na rihani, akapita navyo mjini juu ya sinia lililofunikwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Kwa miaka thelathini na nne marehemu Mansour hakurudi nyumbani hata jioni moja bila ya kikuba cha Machano mfukoni mwa kanzu. Mansour hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa karani wa bandarini, na hata nyumbani alizungumza kama anayesoma orodha ya mizigo. Lakini kila jioni kikuba kilikuwa juu ya mto, na Mwanapili hakumdai maneno.

Sasa, kila mtu anajua kwamba mwenye eda hatii wanja, hapaki hina, hajifukizi udi wala havai asumini. Mwanapili alilijua hilo kuliko wengi, maana alisoma chuo mpaka akakhitimu. Kwa hiyo alijitafutia njia ya katikati, kama wafanyavyo wajanja wote wakibanwa na sharia. Asumini hakuzivaa. Alizitia chini ya godoro, upande aliokuwa akilala mumewe, akajiambia kwamba huko si kujipamba. Alijiambia hivyo kila siku, na mtu mwenye hakika na jambo hana haja ya kujiambia kila siku.

Njia ya kuzipata ilikuwa dirisha la nyuma, lililotazama kichochoro chembamba ambacho hakikuwa na baraza wala mlango wa mtu. Aliteremsha kapu dogo la ukili kwa kamba iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha, Machano akatia kikuba, yeye akavuta. Walikuwa na mapatano: kamba ikisita njiani, Machano ajue Bi Mayasa kaingia chumbani, aende zake bila ya kuuliza.

Bi Mayasa alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Mansour, na ndiye mlinzi wa eda hiyo. Yeye mwenyewe alifiwa na mume akiwa kijana, akakaa eda yake yote miezi minne na siku kumi bila ya kuchungulia hata kwenye tundu la ufunguo, na hakuna mgeni aliyepanda ngazi za nyumba ile akashuka bila ya kuipata habari hiyo. Mansour na Mwanapili hawakujaaliwa mtoto. Kwa hiyo wanawake hawa wawili walibaki peke yao katika nyumba kubwa yenye kuta nene, mmoja akichunga, mmoja akichungwa.

Siku tatu nyuma Mayasa aliingia na mashuka yaliyofuliwa. Akasimama katikati ya chumba, akanusa.

"Chumba hichi kinanukia asumini," alisema.

Mwanapili angeweza kunyamaza. Badala yake akajibu, "Labda pua zako, wifi. Uzee huo."

Mayasa aliyaweka mashuka juu ya kasha, akayapiga pasi kwa kiganja, akatoka. Tangu hapo hakumsemesha. Na Mwanapili, ambaye ndiye mkosa, naye akanuna, maana hakuna anayenuna sana kama mtu aliyeshikwa na kosa lake. Mayasa alileta chakula, akakitua mlangoni, akagonga mara mbili, akaenda. Kikiliwa, sahani zilirudi nje. Siku tatu nyumba ile haikusikia jina la mtu likiitwa.

Alasiri ya siku ya tatu Mwanapili alikwisha kutandika msala wake chini ya dirisha la nyuma, lakini hakusali kwanza. Alisema moyoni amalizane na Machano, kisha asali akiwa ametulia. Akateremsha kapu. Akamwambia Machano leo ampe kimoja tu, tena kizuri, kwani jana alimpa kilicholegea. Machano akacheka kwa chini. Mwanapili akaanza kuvuta.

Kapu lilipofika kama nusu ya ukuta, mkono wa kulia ukamwachia. Haukuuma. Ulitoka tu katika hisabu, kama si wake. Kamba ikamponyoka, kapu likashuka mpaka mwisho wa kamba likabaki linaning'inia. Mwanapili alitaka kumwita Machano, na alipofungua mdomo hakupata neno hata moja. Maneno aliyajua yote, aliyaona, lakini hayakumjia ulimini. Mguu wa kulia ukalegea, akashuka taratibu na ukuta mpaka akakaa juu ya msala. Huko chini alisikia ndara za Machano zikiondoka. Mapatano yalikuwa mapatano.

Wenye kusema ulimi hauna mfupa hawajawahi kukaa na ulimi uliogoma. Mwanapili aliuvuta wake kama mtu anavyovuta jamvi lililonasa, na kilichotoka kilikuwa "ma, ma, ma." Akaogopa. Aliogopa kwa akili timamu kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Baada ya muda alisikia Mayasa anapanda na chai. Hapo Mwanapili alifanya jambo ambalo alikuja kulijutia saa ile ile. Kamba ilikuwa imefungwa pale pale kwenye nondo, inaonekana na kila mwenye macho. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Angeweza kugonga ukuta, kuangusha mtungi, kutupa tasbihi mlangoni. Badala yake akaunyoosha juu kwa taabu, akalivuta pazia, akaifunika kamba.

Mayasa akalisukuma pazia la mlango. Akamwona wifi yake amekaa juu ya msala, ameegemea ukuta, uso umeelekea pembeni, tasbihi i mapajani. Mtu aliye katika nyiradi hasemeshwi. Na mtu aliyenuniwa hasemeshwi mara mbili. Akatua chai sakafuni, akashuka.

Mwanapili akabaki na chai mbele yake, hatua moja tu, na haifikii. Moshi wa chai ukapungua, ukaisha. Chini jikoni redio ya Mayasa ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Akaona kwamba anaweza kufa hapa, chini ya redio inayotangaza waliokufa, na wifi yake atasema kafa akisali, na watu watamsifu. Alitamani kucheka, na shavu moja tu ndilo lililokubali.

Kilichomwokoa mara ya kwanza kilikuwa ubahili wa Mayasa. Yeye havumilii chai kumwagwa. Alipopanda kuchukua kikombe akakikuta kimejaa, akasahau kununa kwake.

"Na chai nayo umeinunia?" aliuliza.

Alipokosa jibu akamzunguka ili amwone uso. Mwanapili alimwona anauona mdomo wake uliopinda. Mayasa akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono wa kulia, akauinua, akauacha, ukaanguka. Kwa wiki kadhaa redio ile ilikuwa ikihubiri jambo hilo kati ya matangazo ya vifo na bei za karafuu: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, msisubiri, msikande kwa mafuta, pigeni nambari hii, gari la kiharusi litakufikieni. Mayasa, anayejua nambari zote za redio kwa moyo, akapiga simu huku mkono wake mmoja umemshika Mwanapili asianguke.

Waliokuja walikuwa wawili. Mmoja ni daktari, mwanamke kijana wa Kihindi wa hapo hapo mjini, Narjis jina lake, aliyetoa shikamoo zake mbili kabla ya kufungua begi. Mwingine ni muuguzi na dereva wa gari, Silima, mwanamume wa mwili mkubwa, aliyesimama mlangoni akiangalia chini kwa sababu alikwisha kuambiwa njiani kwamba hii ni nyumba ya eda. Daktari alimulika macho ya mgonjwa, akampima sukari na presha, akamwambia ainue mikono, ukainuka mmoja. Akasema lazima washuke sasa hivi, gari liko barabarani Darajani, haliingii vichochoroni.

Mwanapili alimtazama Mayasa. Alijua litakalofuata: mwenye eda hatoki, hashikwi na mwanamume asiye maharimu, hapitishwi mbele ya baraza la wanywa kahawa.

"Dharura ni dharura," alisema Mayasa, kana kwamba amesikia. Akavua buibui lake mwenyewe, akamvisha wifi yake, akabaki na kanga mbili. "Mbebe, mwanangu. Na usimgongeshe kichwa kwenye ngazi, nyembamba zile."

Machela haikukata kona ya ngazi. Wakamkalisha kwenye kiti cha mikanda, Silima juu, kijana mmoja wa barazani chini, na Mwanapili akateremka kinyumenyume ngazi alizozipanda akiwa bi harusi. Kuta zilimpita karibu na pua. Alipofika nje, mara ya kwanza kuona kichochoro chake kwa siku themanini na tisa, wanaume wote wa barazani walikuwa wamegeuza nyuso ukutani. Kilichomshughulisha kilikuwa kimoja tu: wasipite njia ya nyuma, wasilione kapu. Walipita mbele. Akashukuru. Loo, alishukuru.

Gari lilikuwa jeupe, refu, limezungukwa na watu. Ndani hakukuwa na nafasi ya kugeuka. Kichwa chake kilifungwa kwa mkanda, kitanda kikasogea, kichwa kikaingia ndani ya duara la mashine ya kupiga picha. Akaambiwa atulie. Maskini, kutulia ndiko pekee alikokuwa nako. Mashine ilivuma, na yeye alilala akitazama mstari mwekundu wa taa juu ya macho yake, amefungwa ndani ya mashine, ndani ya gari, ndani ya eda, ndani ya mwili usiotii.

Kitanda kiliporudi, Daktari Narjis alikuwa akiangalia picha kwenye kioo. Akazungumza na Mayasa, aliyekalia kiti kidogo cha kukunja, magoti yamegusa kitanda. Akamweleza kwamba kichwani hakuna damu iliyomwagika, na hiyo ni habari njema. Kuna mshipa ulioziba. Ipo sindano ya kuyeyusha kilichoziba, anayo hapa hapa garini, na ndiyo maana ya gari hili, maana gari liko moja tu kisiwa kizima na mchana huu lilikuwa Fumba. Lakini sindano hiyo ina saa zake. Ikichomwa ndani ya saa nne na nusu tangu maradhi yaanze, huokoa. Muda huo ukipita, ile picha ya leo haitoshi kumpa yeye ruhusa ya kuichoma, kwani dawa hiyo hiyo huweza kumwaga damu kichwani na kumuua mtu.

"Sasa Bi Mayasa," alisema daktari, "mara ya mwisho lini umemsikia akisema sawasawa?"

Mwanapili alimwona Mayasa akiangalia mikono yake.

"Leo Alfajiri nlimskia akisoma msahafu," alisema hatimaye.

Daktari akauliza kama hakuna baada ya hapo, hata neno moja, hata salamu. Saa ya ukutani mwa gari ilikuwa inakaribia kumi na mbili za jioni. Mayasa akasema sahani ya chakula cha mchana ilirudi tupu mlangoni saa saba. Daktari akahisabu kwa vidole. Saa saba mpaka sasa ni saa tano kasoro dakika chache. Hata hiyo imeshapita saa nne na nusu, akasema, tena sahani haisemi nani kala. Akauliza kwa upole vipi watu wawili wamo nyumba moja kutwa nzima na hawakusemezana.

"Mie na wifi yangu hatusemi," alisema Mayasa. "Leo siku ya tatu. Kwenye nyumba ya msiba, daktari. Nimeona haya kukwambia."

Daktari hakumlaumu. Akavua glavu moja, na ile namna alivyoivua, polepole, ilimwambia Mwanapili kila kitu. Akasema watampeleka hospitali, watamtunza, watamfanyia mazoezi. Wapo wanaopata nafuu. Sindano ikabaki ndani ya sanduku lake.

Ndipo Mwanapili alipoelewa alichokifanya. Saa yake ilikuwepo. Ilikuwa inaning'inia dirisha la nyuma, ndani ya kapu la ukili, na ni yeye aliyeifunika kwa pazia kwa mkono wake mzima pekee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliyatamka maneno hayo maisha yake yote kwa wengine. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyemsikia akisema sawasawa Alasiri ya leo, na mtu huyo ni mwanamume, na aliyasikia maneno hayo kutoka dirishani kwa mwenye eda. Akijulikana, Mayasa atajua kwamba alidanganywa usoni. Mkunazini nzima itajua. Mansour angeona haya. Asipojulikana, hatasema tena neno lolote kwa mtu yeyote.

Akataka kusema asumini. Ikatoka "ma, ma." Silima akamwambia taratibu, bibi, usijichoshe.

Akainua mkono wa kushoto, akagusa pua yake. Mayasa, Mungu amsamehe, akatoa leso akampangusa kamasi. Mwanapili akaisukuma leso. Akagusa pua tena, akavuta hewa, akafanya kama anayevuta kamba, juu, juu. Daktari akasema wagonjwa wa namna hii hupapatika, wamshike mkono asiung'oe mpira wa dripu aliotiwa. Silima akaushika mkono, kwa adabu na kwa nguvu. Sasa hata huo umefungwa. Machozi yakamtoka jicho moja na jengine, na hakuwa na namna ya kuyafuta wala kuyaeleza.

"Mwachie," alisema Mayasa.

Silima akamwangalia daktari.

"Nimesema mwachie. Huyu hapapatiki. Namjua akipapatika."

Mkono ukaachiwa. Mwanapili hakuupoteza tena kwenye pua yake. Aliunyoosha mpaka kwa Mayasa, akaishika pua ya wifi yake kwa vidole viwili, akaibana, hakuiacha.

Wakabaki hivyo. Mayasa alimtazama juu ya vile vidole, kwanza kwa mshangao, kisha kwa hasira ndogo, kisha kwa kitu kingine. Mwanapili aliiona siku ile ya mashuka ikimrudia machoni.

"Asumini," alisema Mayasa, sauti imebanwa puani.

Mwanapili akaiacha pua, akafumba macho, akayafumbua.

"Zilikuwemo. Pua zangu hazina uzee."

Akafumba, akafumbua.

"Na leo? Leo pia? Za Machano?" Mayasa aliinama karibu. Akaukumbuka ule mkono uliokuwa ukivuta hewani. "Dirisha la nyuma."

Mwanapili akafumba macho na hakuyafumbua, kwa sababu hakutaka kuona uso wa wifi yake wakati huo. Alisikia kiti cha kukunja kikijikunja. Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, makelele ya Darajani yakaingia, kisha ukafungwa.

Daktari alimweleza Silima waondoke, na Silima akasema wamsubiri bibi dakika chache. Daktari akatazama saa, akasema dakika kumi, hata moja zaidi hapana. Basi Mwanapili akalala na dakika kumi. Mayasa ana miaka sitini na minane, na magoti yake hulalamika hata akiinuka kwenye msala. Lakini magoti siyo yaliyomtia Mwanapili khofu. Alimjua wifi yake. Huyu alilinda jina la mdogo wake marehemu kama wengine wanavyolinda dhahabu. Angeweza kufika kichochoroni, akalikata kapu kimya kimya, akalitia chini ya kanga, akarudi akasema hakukuwa na kitu. Hakuna ambaye angejua. Mwanapili mwenyewe asingeweza kumsuta, milele.

Dakika ya saba ikapita. Ya nane. Silima alikwisha kukaa mbele kwenye usukani.

Kisha akaisikia sauti. Sauti ya Mayasa inajulikana tangu Mkunazini mpaka Mchangani, na ilikuja juu ya pikipiki na wauza viazi na watu wote wa sokoni, haikunong'ona hata neno moja. Alikuwa akiuliza nani kamwona Machano wa asumini, kwani wifi yake kanunua kwake leo, dirishani, kwa mdomo wake, na yeye anataka saa. Alilirudia hilo la dirishani mara tatu, kama anayenadi. Watu wakaanza kuitana: Machano, Machano, yuko pale kwenye machungwa.

Mlango ukafunguliwa. Mayasa alikuwa hana pumzi, kanga imemteremka begani, mkononi kapu na kipande cha kamba. Nyuma yake Machano na sinia lake, na nyuma ya Machano nusu ya soko.

"Mwambie daktari," alisema Mayasa. "Yote. Usinionee haya mie."

Machano akasema alipita baada ya kusaliwa Alasiri. Bibi akasema naye mwenyewe, sauti yake ya siku zote, akamlaumu kwa kikuba cha jana. Daktari akataka saa hasa, siyo baada ya Alasiri. Machano akatoa simu. Mkewe alimpigia akiwa chini ya dirisha, akaikata ili asijulikane. Daktari akaichukua, akasoma: saa kumi kasoro dakika nane.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu kamba ikapanda, ikasita, ikashuka ghafla," alisema Machano. "Nkajua Bi Mayasa kaingia. Nkenda zangu."

Mayasa alilisikia hilo. Alitafuta ukingo wa kitanda kwa mkono, akakaa.

Daktari Narjis alikuwa amekwisha kuvaa glavu. Alimwambia Mwanapili, yeye mwenyewe, si mtu mwingine, kwamba saa mbili na robo tu zimepita, kwamba sindano hii ina hatari yake, na kama anakubali afumbe macho. Mwanapili akafumba. Sindano ikaingia kwenye mpira, ndogo, isiyo na rangi, ikaisha kwa muda wa kusema bismillahi. Machano akateremshwa, milango ikafungwa, gari likaanza kujipenyeza barabarani. Adhana ya Magharibi ilianza msikiti mmoja, ikadakwa na mwingine.

Mayasa alikuwa ameliweka kapu mapajani. Alikitoa kikuba, akakigeuza. Maua yalikuwa yameanza kufumbua midomo, kama yafanyavyo saa hizo, na harufu yake ikalijaza gari lile lote la dawa na vyuma.

"Bado una siku arubaini na moja," alisema bila ya kumtazama. "Ntazihisabu moja moja. Na dirisha lile ntalipiga misumari."

Mwanapili alimtazama.

"Usinitazame. Mwenye eda weye. Mie sina eda."

Akakitia kikuba kifuani, akakifunga kwa pini kwenye kanga, mwanamke wa miaka sitini na minane anayekwenda hospitali. Kisha akainama mpaka kifua chake kikawa karibu na mto, karibu na pua ya wifi yake, akakaa hivyo hivyo ameinama, mgongo umepinda, gari likipita kwenye mashimo. Hakuinuka. Alikuwa analia, na hakujali Silima anamwona kwenye kioo.

Wakapita taa za barabarani, wakasimama, wakapita. Daktari aliandika presha, akaandika tena. Kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia Mwanapili alihisi kitu, wadudu wadogo wanatembea ndani ya ngozi. Hakuwa na hakika. Hakuthubutu kuwa na hakika.

"Mwanapili," aliita Mayasa.

Siku tatu hajalisikia jina hilo likiitwa. Nyumbani kwao, kwa mama yake, mtu akiitwa haruhusiwi kunyamaza, hata awe amenuna vipi. Akalikusanya jibu kutoka huko lilikokuwa, akalisukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Naa," alisema.

Lilitoka pungufu, upande mmoja wa mdomo, bila ya mwisho wake. Daktari aliacha kuandika. Mayasa alimwambia Silima aongeze mwendo, kisha akamwita tena.